Kizee wa Umeme Amerudi

"Huyu si alikufa?"

Mjomba aliuliza kwa sauti ile ile anayomwitia muuza kahawa aliye ng'ambo ya barabara, nasi tuko katikati ya ukumbi wa sinema Nyali, taa zimezimwa, watu kimya. Ilikuwa Desemba 2019. Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa zimekataa kuisha, na nguo zetu bado zilikuwa na maji ya safari ya tuktuk kutoka Majengo. Kijana mmoja wa safu ya mbele akageuka. Nikajua sasa twaambiwa tunyamaze. Yule kijana akasema, kwa upole kabisa, "Alikufa, mzee. Hata sisi twashangaa."

Kwenye skrini, katika The Rise of Skywalker, filamu mpya ya Star Wars, hadithi ya vita vya angani, alikuwa adui mkuu Kaisari Palpatine, macho meupe, vidole vimeoza, ananing'inia kwenye mtambo kama ng'onda kwenye kamba.

Tangu siku ile nimebishana juu ya kizee huyu na watu wa kila aina: walimu wenzangu, dereva wa matatu ya Bamburi, vijana wa baraza la Kibokoni wasiokubaliana hata juu ya bei ya viazi karai. Wengi wakisikia mashabiki walikasirika kwa kurudishwa kwake hudhani ni utoto, watu wazima kulilia adui wa kubuni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokasirika, na sioni haya. Naomba nieleze hasira ile ilitoka wapi, na nitaanzia dukani kwa Mjomba kwa sababu ndiko ilikoanzia.

Miaka ya tisini Mjomba alikuwa na duka la kukodisha kanda za video. Chumba kimoja, feni ya juu, rafu tatu za mbao alizozipigilia mwenyewe. Rafu mbili zilikuwa za picha za Kihindi, maana ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Mombasa ya rika lake ilikulia Regal, Naaz na Majestic, na hadi leo ukimtajia mzee wa hapa jina la Gabbar Singh wa Sholay, ataketi vizuri kwanza ndipo akusimulie. Rafu ya tatu ilikuwa na karate, vita, na kile alichokiita picha za angani. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, kwa hivyo kila kanda aliipa jina la Kiswahili kwa wino mzito, herufi kubwa. Filamu mbili za kwanza za Star Wars zikawa NYOTA 1 na NYOTA 2. Ya tatu, Return of the Jedi ya 1983, hakuipa nambari. Aliandika NYOTA – MWISHO.

Niliiona nikiwa na miaka tisa, nimekaa sakafuni na watoto wa mtaa, duka limefungwa. Luke Skywalker, kijana shujaa, yuko chini, Kizee anamchoma kwa umeme wa buluu unaomtoka vidoleni. Darth Vader, baba mtu, amesimama kando. Anamtazama mwanawe. Anamtazama bwana wake. Anamtazama mwanawe tena. Hasemi neno. Halafu anamnyanyua Kizee juu juu, ule umeme ukimpasua yeye mwenyewe, na kumtupa shimoni. Muda mfupi baadaye Vader naye afa mbele ya mwanawe, kofia imevuliwa, uso wazi.

Mjomba alikuwa na daftari la madeni, kubwa, jalada jekundu. Mteja akimaliza deni, alipiga mstari juu ya jina lake na kusema neno moja tu: "Kalipa." Usiku ule Kizee alipotumbukia nilimsikia nyuma yangu gizani akisema, polepole, "Kalipa." Kisha akazima deki akatwambia twende tukalale.

Mimi sikuwa na baba wa kutajika. Nililelewa na mama na nduguye huyu, na mtu akiniuliza baba nilinyamaza. Picha ya baba aliyekosekana miaka yote, kisha akaja kwa dakika moja na kulipa kila kitu, haikunitoka tena. Watoto wengine walitoka pale wakipigana kwa fimbo za ufagio. Mimi nilikwenda kulala nikilihesabu lile deni.

Sasa tuje kwenye kicheko.

Aprili 12, 2019, huko Chicago, mashabiki walikusanyika kuonyeshwa trela ya kwanza ya The Rise of Skywalker. Mwisho wake yasikika sauti ya Luke ikisema kwamba hakuna anayeondoka kabisa. Maneno haya ni yale yale aliyomwambia dadake Leia katika filamu ya 2017, kumliwaza juu ya mwanawe Kylo Ren, aliyegeuka adui. Kufikia wakati huo Carrie Fisher, aliyekuwa Leia, alikuwa amekwisha kufariki, Desemba 2016, kwa hivyo kwa mashabiki maneno yale yalikuwa yamekuwa kama tanzia. Ndiyo yaliyosemwa tena. Skrini ikawa nyeusi. Halafu kikaja kicheko cha kizee, kikavu, kinachotoka mbali.

Taa za ukumbi zilipowashwa Ian McDiarmid, mwigizaji wa Kizee, alikuwa amesimama jukwaani peke yake, akaamuru trela irudiwe. Ukumbi ulilipuka. Mimi nilitazama kibarazani kwetu kwenye simu ya mpwa wangu, tukapiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna msiba.

Lazima niseme wazi kwamba nilifurahi. Wengi waliokuja kukasirika Desemba walifurahi Aprili, nami ni mmoja wao. McDiarmid alistahili furaha ile. Ni Mskoti aliyezaliwa 1944, kwa hivyo alipovalishwa ile sura ya mzee wa mwaka 1983 hakuwa hata amefika arobaini. Miaka 16 baadaye aliitwa amwigize mtu yule yule akiwa bado kijana kidogo, mwanasiasa mpole mwenye tabasamu. Ni waigizaji wachache waliojaliwa jambo hilo, kuzeeka polepole kuelekea uso uliokwisha kuuvaa. Sauti yake waweza kuijua ukiwa jikoni unakaanga mahamri na runinga iko sebuleni. Ile haha yake iliponifikia nilikuwa na miaka tisa tena.

Kicheko kile kilikuwa swali: vipi? Na swali zuri lina raha yake. Miezi minane tulikaa nalo. Trela ilionyesha mabaki ya ile ngome ya Death Star, alimotupwa Kizee shimoni, yamelala baharini, mawimbi yakiyapiga, basi mimi nikaamini kwamba mwili haupo tena, ni sauti tu iliyobaki ndani ya chuma kile, kama mzuka anayekaa kwenye jahazi lililozama. Mpwa wangu alisema ni nakala, kwamba Kizee alijitengenezea miili mingine. Kijana mmoja wa Kibokoni alisema yote ni ndoto ya Kylo Ren. Kila mtu alikuwa na njia yake aliyomtolea adui kaburini, na kila mtu alikuwa amejitahidi kuifanya njia ile ipitike.

Desemba ilipofika jibu lilitolewa na Poe Dameron, rubani, akiwaambia wenzake kambini. Kwa namna fulani, alisema, Palpatine amerudi.

Basi. Mwingine pale kambini akaongeza maneno mawili matatu kuhusu sayansi ya giza na utengenezaji wa nakala za watu, wakaendelea na safari. Hata habari yenyewe ya kurudi kwake hatukuiona ikitokea. Filamu inaanza kwa maandishi yanayosema wafu wanasema, kwamba ujumbe wa kisasi umesikika angani, na ujumbe wenyewe ulikuwa umechezwa siku chache kabla, ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite, Desemba 14. Mpwa wangu alikuwa ameusikia. Mjomba, aliyekuwa anamfahamu Kizee tangu enzi za kanda za video, hakuwa na habari. Ndiyo maana akauliza.

Nyanya yangu alipotusimulia Fumo Liyongo, hakuna sehemu aliyoichunga kama ya kifo. Liyongo hauawi kwa mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kinamuua, shaba ikidungwa kitovuni, na siri hiyo aliijua yeye mwenyewe. Mfalme wa Pate akamnunua mwanawe Liyongo kwa ahadi ya ndoa, mwana akamuuliza babake siri, na baba, akijua kabisa kwa nini anaulizwa, akamwambia. Akadungwa usingizini. Akaamka, akachukua uta wake, akenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umewekwa tayari, akafa vivyo hivyo amepiga goti. Watu wa mji wakakosa maji kwa siku kadhaa. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mamake ndiye aliyekuwa akienda kumbembeleza kwa maneno, mpaka mwili ulipoanguka ndipo mji ukaamini.

Nilipokuwa mdogo nilimsihi nyanya amrudishe. Aamke tu, nikasema, atoe ile shaba. Akanijibu kwamba akiamka, basi yule mwana hakufanya dhambi yoyote, na yule mama alikuwa anaimbia jiwe. Niliyakumbuka maneno yale Nyali, popkoni mkononi, nikitazama kizee amening'inia.

Kwa maana jambo lenyewe ndilo hili. Adui anaporudi, mimi hutazama amerudi kwa mali ya nani. Kuna kurudi ambako hakumnyang'anyi mtu. Khan, adui wa Star Trek, hadithi nyingine ya angani, alionekana mara ya kwanza kwenye runinga Februari 1967, na kipindi kile hakikumuua. Nahodha Kirk alimwacha kwenye sayari kali pamoja na watu wake, na Spock, rafiki na msaidizi wake, akasema ingependeza kurudi baada ya miaka 100 kuona mbegu iliyopandwa pale imezaa nini. Mlango uliachwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Ricardo Montalbán aliporudi mwaka 1982, nywele nyeupe, kifua wazi, amejaa uchungu wa miaka 15, hakuna aliyeuliza ametoka wapi. Alitoka pale pale alipoachwa. Deni lilikuwa la Kirk, na Kirk alililipa kwa kumpoteza Spock. Mwaka 2013 jina hilo la Khan likarudishwa tena, na Benedict Cumberbatch, mkurugenzi akiwa J.J. Abrams, na miezi yote kabla ya filamu watu waliambiwa huyu si Khan. Abrams alikuja kukiri baadaye kwamba ingekuwa afadhali kusema mapema. Huyo huyo Abrams ndiye aliyeongoza filamu ya 2019. Safari hii hakuficha jina. Alilitangaza kwa kicheko, kisha akaficha sababu.

Na lililoniuma zaidi ni kwamba mlango wa Palpatine ulikuwepo. Katika filamu ya Star Wars ya 2005, Kizee na kijana Anakin, ndiye Vader kabla hajawa Vader, wamekaa wanatazama onyesho, mapovu makubwa ya maji yakielea mbele yao, naye Kizee anamsimulia habari za mtu mwenye elimu aliyeweza kuwazuia wapendwa wake wasife. Anazungumza polepole kama babu anayehadithia kibarazani baada ya isha. Anakin anauliza kama elimu hiyo yaweza kusomwa. Ile ndiyo iliyokuwa mbegu. Mtu aliyemnasa Vader kwa ahadi ya kushinda mauti, akaja akauawa na Vader huyo huyo, kisha akajaribu ahadi ile juu ya nafsi yake mwenyewe! Ningeitazama filamu hiyo saa tatu bila kupepesa. Filamu ya 2019 inamrudishia Kizee sentensi moja kutoka kwenye maongezi yale, anamwambia Kylo Ren, na kupita.

Najua walikuwa na haraka. Colin Trevorrow, aliyekuwa aiongoze filamu hiyo, aliondoka Septemba 2017 na Abrams akaletwa. Snoke, adui mkubwa wa filamu mbili zilizotangulia, alikuwa amekatwa vipande katika The Last Jedi mwaka 2017 kabla hatujajua ni nani. Kiti cha adui kilikuwa kitupu. Nawaelewa. Fundi akipewa nyumba nusu, na paa linatakiwa kabla ya mvua, atatumia mbao zilizopo. Lakini mbao hizi zilitolewa kwenye jeneza la mtu.

Kuna na lile la Rey. Hapa naomba msomaji anivumilie.

Mombasa swali la kwanza ni "wewe wa nani?" Laulizwa kwa mapenzi mara nyingi, mtu ataka kujua akupokee vipi. Lakini mimi jibu lilinishinda utoto mzima. Kwenye harusi za Mji wa Kale, mikononi nimebeba sinia la halua, nimeulizwa na mama wa watu mbele ya wengine, mwana wa nani huyu, na nikamsikia mwingine akijibu kwa kunong'ona. Mwaka 2017, Rey, msichana aliyetafuta wazazi wake filamu mbili nzima, aliambiwa kwamba si wa mtu yeyote wa maana. Wazazi wake walikuwa wauza vyuma chakavu waliomuuza. Na upanga wa mwanga ukamtii vivyo hivyo. Nililia katika ukumbi ule ule wa Nyali. Mashabiki wengi walilichukia jibu hilo, walitaka ukoo mkubwa. Mimi nilitoka nikatembea hadi daraja la Nyali kwa miguu, kifua kimenifunguka.

Miaka miwili baadaye Kizee akarudi, na kwa kuwa amerudi ilibidi awe na sababu, na sababu ikawa kwamba Rey ni mjukuu wake. Nguvu zake zikapata mwenyewe. Kila kitu alichokipata bila jina kikaandikwa upya kuwa urithi. Wako waliosema mwisho wake ni mzuri, maana anaukataa ukoo wa damu na kujichagulia jina la Skywalker. Nimelisikia hilo na lina uzito. Lakini mtoto aliyekuwa amekwisha kusimama bila jina hakuhitaji kupewa moja baya ili apate la kukataa.

Mpwa wangu hakubaliani nami hata kidogo, na lazima nimpe nafasi yake. Wakati ule alikuwa na miaka 14. Kwake Palpatine ndiye nguzo ya hadithi nzima kuanzia 1999, mpangaji wa kila vita, na hadithi ya nyumba ya Skywalker haiwezi kufungwa mbele ya adui mwingine. "Shangazi," aliniambia tukila mbaazi, "mtu aliyepanga mambo miaka yote ile, wewe waamini hakujipangia kufa kwake?" Nilitafuta jibu na sikulipata upesi. Anasema pia kwamba hasira ya watu wazima ilimharibia filamu aliyoipenda, kwamba kila alipotaka kueleza tukio la zile meli zinazojaza mbingu, kulikuwa na mtu wa rika langu anayetikisa kichwa. Hapo alinigusa. Filamu ilivuka mapato ya dola bilioni 1, na wengi waliolipa walikuwa watoto waliotoka na nyuso zinazong'aa. Nilimwomba radhi, na nimejizuia kutikisa kichwa.

Mjomba naye njia nzima hakusema kitu. Alikuwa na miaka 71, goti linamsumbua, na tuktuk ilipita kila shimo. Tulipofika aliketi kwenye kibaraza, akavua viatu vilivyolowa, akauliza swali moja.

"Sasa yule wa kofia nyeusi alilipa nini?"

Nikamwambia kwamba alimwokoa mwanawe, na hilo halikufutwa. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jina la mtu haliwezi kupigwa mstari kisha deni likaonekana bado liko. Angefanya hivyo dukani, alisema, wangemvunjia mlango.

Wiki chache zilizopita alinitaka nimwonyeshe tena ile ya zamani. Kanda ya NYOTA – MWISHO bado anayo, kwenye kasha la biskuti chini ya kitanda, lakini hewa ya bahari haijaihurumia: ukitazama kwenye kile kidirisha, kingo za utepe zimeota ukungu mweupe kama unga. Basi mpwa wangu akaitafuta kwenye kompyuta, tukakaa watatu, Mjomba karibu kabisa na kioo kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Tukafika pale. Luke chini, umeme. Vader anamtazama mwanawe, anamtazama bwana wake.

"Hapana," akasema Vader. Kisha akapiga ukelele, hapana ndefu, akimnyanyua Kizee.

Mjomba akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Huyu alinyamaza," akasema. "Zamani alinyamaza."

Yuko sahihi. Ukelele ule uliongezwa na George Lucas mwenyewe katika toleo la diski la 2011, kabla hajaiuza kampuni yake kwa Disney mwaka uliofuata. Mpwa wangu hakuwahi kujua kwamba kuna Vader mwingine, anayegeuza kichwa mara tatu katika kimya. Akaniuliza kilikuwaje. Nikajaribu kumwigizia, nikashindwa.

Jumamosi tulitandaza gazeti sebuleni, tukafungua kanda ile skrubu zake tano. Mpwa wangu alizungusha gurudumu kwa kidole, taratibu, mimi nikapitisha pamba yenye spiriti kwenye utepe, pindo kwa pindo, Mjomba ameshika tochi ya simu. Ilituchukua kutwa. Kibandiko tumekifunika kwa selotepu ili wino usitoke. Deki tumeipata kwa fundi mmoja Mwembe Tayari, haina mkanda wa kuzungusha, lakini ameahidi kuutafuta, na amesema nirudi Alhamisi.